Fundi wa Siku

Mwanzoni nilimdharau. Nilikuwa natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikakata njia kando ya maegesho ya magari ya jengo letu hapa kusini mwa Minneapolis, na bata mwitu akachomoka karibu na kiatu changu kwa kishindo. Nikainama kutazama alikotoka. Chini ya kichaka chenye majani kama sindano palikuwa na kishimo cha upana wa sahani, vijani vikavu vichache, na yai moja la rangi ya kijani kilichopauka. Hicho ndicho kilikuwa kiota. Nikajisemea kwamba hata kuku wa kwetu angeona haya.

Mtu aliyekulia Muheza akiona kiota cha namna hiyo lazima amkumbuke mnana. Mbele ya nyumba ya bibi palikuwa na mnazi uliojaa viota vya mnana kama mapambo ya harusi. Dume huchana utepe mrefu wa kuti, huufunga kwenye kijiti kwa mdomo, hupitisha huku na kutolea kule, akining'inia kichwa chini. Akimaliza hupiga kelele huku akipepea mabawa, jike aje akague. Jike asiporidhika, kazi yote hubomolewa ikaanza upya. Sisi watoto tulikaa chini ya mnazi huo na kushangilia kama tuko uwanjani. Tangu hapo, neno fundi likitajwa kwa ndege, kwangu lilikuwa na mwenyewe.

Sasa huyu bata. Yeye hawezi hata kubeba jani. Hukaa chini, hubonyeza udongo kwa kifua huku akijizungusha mpaka patokee bakuli, kisha hunyoosha shingo na kuvuta chochote kilicho karibu. Shingo inapoishia, vifaa vimekwisha. Kama jani zuri liko hatua mbili mbele, litabaki huko huko.

Dirisha la jikoni kwangu linatazama kichaka hicho, na mtu wa zamu ya usiku hukosa usingizi asubuhi. Nikawa nakunywa chai hapo na darubini ndogo mkononi. Ilikuwa Mei 24. Kesho yake yai la pili. Keshokutwa la tatu. Kila asubuhi alikuja mapema, akakaa kwa muda, akataga moja, akayafunika yote kwa majani makavu, akaondoka. Dume lake, lile lenye kichwa cha kijani king'aacho na utepe mweupe shingoni, lilimsubiri kwenye nyasi likigeuza shingo huku na huku kama mlinzi wa benki.

Hapa ndipo nilipoanza kukaa vizuri kwenye kiti. Kwa sababu mayai yalifika matano, yakafika sita, saba, na yeye hakuyalalia. Usiku huku mwezi wa Mei bado ni baridi ya kuvaa koti. Mayai yamelala peke yake gizani chini ya vijani, na mama hayupo. Mtu asiyejua angesema ni mzembe.

Lakini bibi yangu angejua. Alifuga kuku na bata, na alikuwa na kikapu chini ya kitanda, upande wa ukutani usiopigwa na jua, chenye pumba za mpunga. Kuku akitaga, bibi alilichukua yai na kuliweka humo, akimwachia moja tu kiotani la kumdanganya. Zikipita siku kumi au kumi na mbili, akayatoa yote jioni moja na kumlalisha kuku juu yake. Nilipomuuliza kwa nini anamwibia kuku, alinijibu kwamba yai lisilopata joto limelala, na yote yakilaliwa siku moja yataamka siku moja. Ukimwachia kuku aanze na yai la kwanza, kifaranga wa kwanza atakuwa anatembea na wa mwisho bado ni ute, na mama hawezi kuwa mahali pawili.

Basi bata huyu alikuwa na kikapu chake, ila kikapu hicho kilikuwa kujizuia. Ndani ya kila yai mbegu ya uhai ilikuwa imesimama, ikisubiri joto. Yai la kwanza liliwatangulia wenzake kwa siku nane, na bado lilikuwa halijaanza safari. Nikaanza kuona kwamba nilikuwa natafuta ufundi wake mahali ambapo haupo. Mnana ni fundi wa majani. Huyu ni fundi wa siku.

Wana ujamaa wa ajabu, bata huyu na wale wa bibi. Bata mwitu huyu wa kichwa kijani ndiye babu wa karibu kila bata anayefugwa duniani, isipokuwa ukoo mmoja tu, na ukoo huo ndio ule uliojaa nyuani kwetu: wale wakubwa wenye vinundu vyekundu usoni, wasiolia kwa sauti bali hupumua kwa mfoko kama pampu ya baiskeli. Hao asili yao ni Amerika ya kati na ya kusini. Bibi aliwahesabia wiki tano za kulalia. Bata wa kichwa kijani huchukua wiki nne. Kwa hiyo nilivuka bahari nikaja bara la mababu wa bata wetu, kisha nikaketi kumwangalia bata mwingine kabisa.

Juni 1 lilikuja yai la tisa. Siku hiyo hakuondoka.

Yai la bata huyu lina uzito wa gramu hamsini hivi, na mama mwenyewe ana kilo moja na ushei. Piga hesabu mwenyewe: kwa siku tisa alitoa mwilini mwake karibu nusu ya uzito wake. Ndipo akaanza kujinyonyoa. Alichukua kifuani yale manyoya madogo ya ndani, laini kama nywele za malaika kwenye mkono wa mtoto, akayapanga kuzunguka mayai mpaka kile kishimo nilichokicheka kikawa na godoro. Kujinyonyoa huko kunafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: kiota kinapata blanketi, na kifua kinabaki ngozi tupu, joto la damu lifike kwenye ganda bila kizuizi. Rangi ya manyoya hayo ni ya kahawia ya majivu, na yakichanganyika na majani makavu, nilikuwa nakitafuta kiota kwa darubini ilhali najua kilipo.

Mtunza bustani wa jengo alikuja na mashine yake ya kupunguzia vichaka. Nilitoka mbio na kandambili. Kumbe alikuwa keshamwona. Akafunga utepe wa plastiki wa rangi ya chungwa kwenye vijiti vinne na kuondoka. Huku kuna sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na kuharibu kiota chenye mayai ni kosa. Utepe ule ulinikera kidogo. Kazi yote ya yule mama ilikuwa asionekane, na sasa alikuwa amezungushiwa alama kama mahali pa ajali.

Kuhusu kutoonekana, alikuwa na adabu zake. Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, alitoka kwenda kula na kunywa. Kwanza aliyavuta manyoya kwa mdomo na kuyafunika mayai, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala asimwamshe. Kisha alitembea. Hakuwahi kuruka kutoka kiotani, isipokuwa siku ile nilipomshtua. Alijipenyeza chini ya magari mawili na kutokea upande wa pili ndipo akapaa. Kurudi ni vivyo hivyo: alitua mbali, akasimama, akajifanya anadonoa nyasi, akasogea, akasimama tena. Kunguru aliyetaka kumfuata kwa macho angechoka. Hata harufu yake ina siri. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1987 kwamba mafuta ambayo bata jike wa aina hii hujipaka kwenye manyoya hubadilika muundo wake msimu wa kuzaa, na ya dume hayabadiliki. Kwa ndege wengine wa kutagia chini, badiliko kama hilo limeonekana kuwapunguzia harufu wanayonuswa na wanyama. Sishangai. Kwa mtu anayelala chini mahali penye rakuni na mbweha, kunukia ni anasa.

Ghorofa ya pili anakaa mama mmoja mtu wa Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Aliniona nimeganda dirishani akadhani naumwa. Nilipomwonyesha, akaegemea ukingo wa veranda yake akatazama kwa muda mrefu.

“Baba,” akasema, “anakulaka saa ngapi, huyu mama?”

“Mara mbili kwa siku, mama. Nusu saa, ikizidi sana saa moja.”

“Na bwana yake?”

“Alishaondoka.”

Akasonya.

Nilitaka kulitetea dume, nikaacha, ingawa utetezi upo. Wiki za mwanzo za kuatamia likishaona mambo yametulia, huenda kujitenga na madume wenzake, manyoya ya bawa hupukutika yote kwa pamoja, na kwa wiki tatu au nne haliwezi kuruka. Lile koti la harusi nalo huvuliwa, likabaki na rangi ya kahawia kama jike. Lakini mama wa Bukavu alishatoa hukumu.

Kiangazi cha huku kinavuruga saa za Kiswahili. Kuelekea Juni 21 jua linachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Ukimwambia mjomba kwa simu kwamba unasali magharibi saa tatu usiku, anakuuliza kama umelala vizuri. Kwa mtazamaji wa bata ni neema. Nilikuwa na mwanga kabla ya kazi na baada ya kazi, na siku nyingi sikuona chochote. Nataka nilisisitize hilo, maana anayesimulia hukusanya matukio ukadhani yalikuja kwa mfululizo. Ukweli ni bata aliyekaa. Saa nzima, amekaa. Mara aliinuka kidogo, akaingiza mdomo chini ya tumbo, akayageuza mayai moja moja, akashuka tena akijitikisa ubavu huu na huu mpaka ngozi ikae sawasawa juu ya ganda. Hiyo ndiyo habari ya asubuhi. Ndani ya kishimo kile joto lilikuwa likikaribia nyuzi 37, lile lile la mwili wako, na mwenye kulidhibiti hakuwa na kipimo isipokuwa kifua chake.

Katikati ya Juni, usiku wangu wa mapumziko, ilipiga mvua ya mawe. Mawe ya ukubwa wa punje za mahindi, kisha ya zabibu. Mabati ya magari yalilia kama ngoma. Kila radi ilipomulika nilimwona: amejilaza bapa kuliko kawaida, mabawa yameachia kidogo kama mwavuli uliofunguliwa nusu, mdomo umeelekezwa upande wa upepo. Ikapita dakika kumi, ikapita robo saa. Hakuhama hata upana wa kidole. Asubuhi alichelewa kutoka kwenda kula, na alipotoka alitembea kwa kuchechemea kidogo. Alirudi baada ya dakika kumi na tano.

Siku za mwisho aliacha kutoka kabisa. Nilikuwa nimesoma kwa nini, nikafungua dirisha usiku wa Juni 28 wakati barabara imenyamaza. Kutoka umbali huo sikuweza kusikia vifaranga, lakini nilimsikia yeye: sauti ya chini, ya kooni, fupi fupi, kama mtu anayeongea na mtoto aliye chumba cha pili. Walikuwa bado wamo ndani ya maganda, na maongezi yalikuwa yameshaanza. Mwanasayansi Gilbert Gottlieb alitumia miaka mingi huko North Carolina akiyasikiliza maongezi haya. Alionyesha kwamba kifaranga wa bata huanguliwa akiijua sauti ya mama wa aina yake, ila ujuzi huo hauji bure: anahitaji kuwa amejisikia mwenyewe au ndugu zake wakilia ndani ya yai. Vifaranga walionyamazishwa kabla ya kuanguliwa walichanganya sauti, wakashindwa kutofautisha mama na jirani.

Anayetaka kujua sauti hiyo ina uzito gani amuulize Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Vifaranga vya bata bukini vilimfuata bila maswali. Vya bata mwitu vilimkimbia mpaka alipoanza kulia kama mama yao, bila kupumzika, na zaidi ya hapo ilibidi achuchumae, kwa sababu akisimama vilimlilia kama vimeachwa. Alisimulia mwenyewe kwamba siku moja, akitambaa bustanini huku analia kwak-kwak, aliinua kichwa akakuta wapita njia wamejipanga kwenye uzio wakimtazama kwa hofu. Vifaranga vilikuwa vimefichwa na nyasi.

Juni 29 walianguliwa. Wote ndani ya mchana mmoja, yai la Mei 24 na yai la Juni 1. Yai moja lilikuwa viza; wanane walitoka. Mama hakuinuka. Aliwaacha chini yake wakauke, na kila mara kichwa kidogo cha manjano na kahawia kilitokeza kwenye manyoya ya ubavu, kikaangalia dunia, kikarudi.

Asubuhi ya siku ya pili nilifika kutoka kazini nikamkuta amesimama nje ya kichaka. Akatoa ile sauti, sasa kwa nguvu. Wakatoka wanane kwa mstari, na safari ikaanza kuelekea ziwa la Powderhorn, mitaa kadhaa kutoka kwetu. Sikulala. Nilifuata kwa mbali, upande wa pili wa barabara, mama wa Bukavu nyuma yangu na kanga begani, na tulipofika makutano yeye ndiye aliyeingia barabarani na kunyoosha mkono kama trafiki. Magari yalisimama.

Shida haikuwa magari. Shida ilikuwa ukingo wa saruji wa barabara, kama sentimita kumi na tano, ambao kwa kifaranga wa siku moja ni ukuta. Mama aliuruka. Saba waliruka, wakaanguka chali, wakaruka tena, wakapanda. Wa nane hakuweza. Mita mbili kutoka hapo ulikuwa mdomo wa mfereji wa maji ya mvua wenye wavu wa chuma, na matundu ya wavu yalitosha kabisa kummeza. Nilipiga hatua. Mama wa Bukavu akanishika shati.

Bata hakurudi kumchukua. Hana mkono, na mdomo wake si wa kubebea mtoto. Alitembea juu ya ukingo, polepole, akiita, na kifaranga akatembea chini sambamba naye, akilia, kuelekea upande ule usio na mfereji, mpaka walipofika mahali ambapo ukingo unashuka ili magari yaingie uani. Hapo akapanda kwa miguu yake. Mama hakumsubiri hata kumpokea. Aligeuka tu na mstari ukaendelea. Sitaapa kwamba alijua mteremko uko pale. Ninachoapa ni kwamba alielekea kule kulikofaa bila haraka, huku mimi kijasho kikinitoka.

Majini kila kitu kilibadilika na kuwa chepesi. Walimfuata kwa karibu sana, na ukaribu huo una faida iliyopimwa: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Strathclyde, Glasgow, wakiongozwa na Zhiming Yuan, walionyesha kwa hesabu kwamba kifaranga akishika nafasi sahihi nyuma ya mama, mawimbi ya mama humsukuma mbele, na wale wa nyuma zaidi wanapitishiana mawimbi hayo mmoja kwa mwingine. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilipata mgawo wa tuzo ile ya dhihaka, Ig Nobel, inayotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Hawalishi. Kifaranga wa bata hujitafutia tangu siku ya kwanza, na anachotafuta ni wadudu, vibuu, mbu, chochote chenye nyama. Kazi ya mama ni kuchagua pahali na kuinua kichwa. Aliwapeleka kwenye matete, maji ya kina kifupi, na wakati wao wanakimbizana na inzi juu ya maji yeye alikaa shingo imesimama, jicho moja mbinguni na jingine majini. Hewa ikipoa aliwakusanya ukingoni na kuwafunika, wakatoweka chini yake kana kwamba hakuzaa.

Hakuokoa wote. Siku ya tatu walikuwa saba. Siku ya tano nilimwona mmoja akivutwa chini na kobe wa majini. Maji yalifanya duara moja, basi. Mama alipiga kelele, akapigapiga maji kwa bawa kama aliyevunjika, akawatoa waliobaki hadi katikati ya ziwa. Wiki ya pili ilipokwisha walikuwa wanne. Huku hilo si balaa, ni kawaida. Wengi wao hufa katika wiki mbili za kwanza, na ndiyo maana anataga tisa. Nililijua, na bado niliacha kwenda ziwani kwa siku nne.

Wanne hao nikawaona wakibadilika kutoka manjano hadi kahawia, wakiota shingo, wakichekesha kama vijana wa kidato cha pili: mwili mkubwa, bawa la kitoto. Katika wiki ya nne ya Agosti, siku ya hamsini na tano kwa hesabu yangu, mmoja alikimbia juu ya maji akipiga mabawa, akapanda kimo cha meza, akaanguka. Siku mbili baadaye wote wanne walizunguka ziwa hewani na kutua vibaya.

Mama alikuwa keshajitenga nao. Nilimtafuta jioni moja pamoja na mama wa Bukavu, tukamkuta ndani ya matete peke yake, zamu yake ya kupukutisha manyoya ya mabawa ikiwa imefika. Naye sasa hakuweza kuruka. Alikuwa amejipindua, kichwa chini ya maji, mkia juu, akilima tope. Akainuka kumeza, akazama tena. Akainuka, akazama. Robo saa ilipita bila kuangalia angani hata mara moja.

“Sasa anakula,” mama wa Bukavu akasema.

Tukakaa kwenye benchi mpaka jua likazama.